Kupima na Kubeba Dhima ya Uchafuzi: Mwongozo kwa Anayenunua Karakana ya Mashua Lamu

Anayenunua au kukodi karakana ya mashua ufukweni Lamu, iwe Matondoni au ng'ambo ya bara upande wa Mokowe, huchukua pamoja nayo kila kilichomwagika pale tangu siku ilipofunguliwa. Hatimiliki haionyeshi dizeli iliyonywewa na mchanga. Kwa hiyo upimaji hufanywa kabla ya kutia sahihi, wakati muuzaji bado ana sababu ya kujibu maswali.

Kazi huanza kwa kuuliza. Mafundi waliozeekea hapo ndio wanaojua pipa la dizeli lilisimama wapi, mafuta machafu ya mashine yalimwagwa kona gani, na mashua zilikwanguliwa rangi sehemu ipi. Deheni ya chokaa na shahamu waliyopaka wazee haina neno. Shida ni rangi za viwandani za kuzuia chaza, ambazo nyingi zina shaba, na za zamani zilikuwa na mchanganyiko wa bati uliokuja kupigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Pamoja na maelezo hayo, dai leseni, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na ripoti za ukaguzi, na karatasi yoyote inayokosekana iandikwe kuwa inakosekana.

Kisha tembea eneo lenyewe wakati maji yamekupwa. Kwenye matope ya mikoko utaona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na si kila utando ni mafuta. Uchokoe kwa kijiti: ule unaotokana na vijidudu vinavyoishi kwa madini ya chuma huvunjika vipande vipande kama gamba na haurudiani, ilhali ule wa mafuta hupasuka kisha hukutana tena. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, lakini hukuonyesha pa kuchota sampuli.

Kisima kinataka uangalifu zaidi. Katika visiwa hivi maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na usawa wake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Dizeli nayo huelea juu ya yote mawili. Sampuli ya siku moja inaweza kudanganya, basi chota wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, katika chupa safi za kioo, uziweke kwenye barafu, na uandike saa, mahali na jina la kila aliyeishika chupa mpaka ifike maabara. Chota pia mahali ambapo hapajawahi kufanyiwa kazi. Wengi huliacha hilo kwa kubana matumizi, nami naliona kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu bila hali ya asili ya kulinganishia hakuna anayeweza kusema uharibifu ni kiasi gani wala ulianza kwa nani.

Matokeo yakija, gawa gharama katika mafungu matatu: kuondoa uchafu, kurejesha kilichoharibika, na kufidia hasara ya kipindi cha kungoja. Fungu la tatu ndilo husahauliwa. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hupumua kwa vipumulio vinavyochomoza juu ya matope. Vikifunikwa na mafuta, mti hufa. Tuseme nusu eka imekufa na itachukua miaka kumi na mitano kukua tena. Kupanda nusu eka ileile kunarudisha miti, lakini hakurudishi samaki na kaa ambao wangezaliana humo kwa miaka hiyo yote, kwa hiyo hesabu ya haki huongeza eneo jingine la kupandwa au malipo kwa wanaovua hapo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu uchafuzi wa mafuta, iliyotungwa baada ya ajali ya meli Exxon Valdez ya mwaka 1989, hufuata mkondo huohuo.

Kwa upande wa sheria zetu, Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya humruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Asiyeridhika nayo ana siku 60 za kukata rufaa. Kiasi kinachodaiwa si kidogo: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Wala usijifiche nyuma ya leseni, maana katika kesi ya sumu ya madini ya risasi ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, mahakama mwaka 2020 iligawa dhima kati ya kiwanda na taasisi za serikali.

Ukiamua kununua licha ya hayo, mkataba utaje uchafu uliopatikana, useme nani ataulipia, na sehemu ya bei ishikiliwe na wakili mpaka usafishaji ukamilike. Katika vitabu vya hesabu, tenga fedha ikiwa wajibu upo tayari, malipo yana uwezekano mkubwa, na kiasi kinakadirika. Ikiwa ni jambo linalowezekana tu, lieleze katika maelezo ya hesabu.

Baada ya hapo, sakafu ya kazi iwe ya zege yenye ukingo, mafuta machafu yakae kwenye mapipa yaliyofunikwa, na makwangulo ya rangi yakusanywe juu ya turubai kabla maji hayajajaa. Visima vipimwe tena kila mwaka mwezi uleule, na nakala moja ya majalada ihifadhiwe nje ya karakana.