Kondomu imepasuka au sindano imekuchoma: namna ya kuamua kuhusu PEP ukiwa Tanga

Tazama saa kwanza. Dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuingia hatarini, ambazo vituoni zinaitwa PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio. Ndani ya saa hizo 72 zenyewe, mapema ni bora zaidi: aliyemeza ndani ya saa mbili yuko pazuri kuliko aliyemeza kesho yake, na wa kesho yake kuliko wa siku ya tatu. Virusi vikishaingia mwilini hukaa kwanza kwenye seli za pale vilipoingilia, kisha katika siku mbili tatu hivi hufika kwenye tezi na kusambaa. Dawa huvikuta vikiwa bado vichache na kuvizuia visijipachike ndani ya seli. Vikishajipachika, siku 28 za vidonge haziwezi kuving'oa.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Kumeza kidonge cha kwanza ni uamuzi wa leo, na unataka haraka. Kuendelea mpaka siku ya 28 ni uamuzi mwingine, unaweza kufanywa kesho au keshokutwa majibu ya vipimo yakiwa mkononi. Ukianza kisha ikaonekana hakukuwa na haja, daktari atakuambia uache, na vidonge viwili vitatu ulivyokwisha kumeza havitakuletea shida ya maana. Ukisubiri uhakika kwanza, saa 72 zinapita.

Hesabu saa, usihesabu siku. Tukio la saa nne usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi, mwisho wake ni Jumatatu saa nne usiku. Anayesema "Jumatatu nitakwenda kliniki" bado yumo kwenye muda, lakini amechezea sehemu yake bora yote.

Kabla hujatoka nyumbani, safisha. Kidonda au mahali sindano ilipochoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida. Usikamue damu, usisugue, usimwagie dawa ya kufulia nguo, spiriti wala majivu: vinachubua ngozi na kufungua njia zaidi. Jicho lisuuze kwa maji safi mengi. Baada ya kujamiiana, mwanamke asijisafishe ndani ukeni kwa maji, sabuni au ndimu. Haiondoi virusi, na inaumiza utando ambao ndio kinga yenyewe.

Aliyebakwa ana utaratibu tofauti kidogo: asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia, na nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hufukiza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya PF3 ya polisi inahitajika kwa kesi, na Dawati la Jinsia na Watoto ndilo la kuliendea, lakini kidonge cha kwanza hakina sababu ya kuisubiri karatasi hiyo. Nenda hospitali kwanza, mwambie mhudumu wazi: "Nimebakwa, nahitaji PEP sasa, PF3 itafuata." Kwa mtoto, namba ya bure ya 116 hupokea taarifa na kusaidia kuunganisha na huduma.

Sasa jiulize: je, palikuwa na njia ya kupita? VVU husafiri kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Mate, jasho, machozi, mkojo na matapishi yasiyo na damu havimo. Kisha majimaji hayo lazima yakutane na jeraha bichi au utando laini: uke, uume, njia ya haja kubwa, jicho, mdomo. Damu iliyodondokea ngozi nzima ya mkono, chombo cha kunyolea kilichokauka tangu jana, kung'atwa bila ngozi kutoboka, kubusu, kulala kitanda kimoja: hakuna haja ya PEP. Mbu ndiyo kabisa.

Takwimu za kimataifa husaidia kupima uzito wa jambo. Chukua matukio 10,000 ambapo mwenza ana VVU, hatumii dawa, na hakuna kinga. Mwanamke aliyeingiliwa ukeni: maambukizi kama 8. Mwanamume aliyemwingilia: kama 4. Aliyeingiliwa njia ya haja kubwa: kama 138, na hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote za kujamiiana. Kuchomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa: 23. Kuchangia sindano ya kujidunga: 63. Ngono ya mdomo iko chini sana. Nambari hizi ni za wastani tu. Vidonda vya sehemu za siri, kaswende, michubuko ya kulazimishwa, au mwenza aliyeambukizwa wiki chache zilizopita huzipandisha sana. Na mtu asizisome nane kati ya elfu kumi akajiona mjanja. Huwezi kujua wewe ni wa ngapi.

Swali la pili linamhusu huyo mwingine, yaani mwenza au mtu ambaye sindano ilitoka kwake. Kama anajulikana na yuko tayari kupima, kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya nusu saa hivi. Majibu hasi hupunguza wasiwasi sana, ila hayaoni maambukizi ya wiki za karibuni, kwa hiyo mwache daktari aamue kama utaacha. Kama ana VVU na anatumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, jambo la kuuliza ni kipimo cha wingi wa virusi, ambacho kwenye kadi yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) huandikwa HVL. Mtu anayemeza dawa kila siku na virusi vyake havigunduliki hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Akikuonyesha majibu ya karibuni kwa hiari yake, PEP kwa kawaida haihitajiki. Kumlazimisha au kumtangaza mtaani ni kosa, na hakukusaidii lolote. Kama hajulikani alipo, au hataki kusema, chukulia kwamba hatari ipo.

Wewe mwenyewe ukiwa unatumia PrEP, yaani dawa za kuzuia VVU zinazomezwa kabla ya hatari, kila siku bila kuruka, huhitaji PEP. Ukiwa tayari una VVU, PEP si yako; njia yako ni kuanza matibabu ya kudumu, ndiyo maana utapimwa kabla.

Pa kwenda, Tanga mjini, ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ambayo ina huduma ya dharura usiku na mchana. Vituo vya afya vya Makorora, Ngamiani na Pongwe ni karibu zaidi kwa wakazi wa huko, ila uliza kwanza kama dawa ipo. Muheza kuna Hospitali Teule, Korogwe kuna Magunga, na Pangani kuna hospitali ya wilaya. Mtego mkubwa ni wikiendi. Mlango wa CTC ukiukuta umefungwa Jumamosi jioni, usigeuze bodaboda kurudi nyumbani: nenda dirisha la dharura, umwombe daktari wa zamu. Duka la dawa muhimu lisikupotezee muda, halina ARV. P2 inazuia mimba tu. Amoksilini haizuii VVU hata ukimeza pakiti nzima. Na kuazima vidonge kwa jirani anayetumia ARV kunamharibia yeye mpangilio wake, huku wewe ukianza dawa bila kupimwa.

Wakati mwingine mhudumu wa mapokezi hujibu kwamba PEP ni ya wafanyakazi wa afya na waliobakwa pekee. Usibishane naye, omba kuonana na daktari, na umpe mambo manne kwa ufupi: saa ya tukio, aina ya tukio, unachojua kuhusu huyo mwenza, na dawa nyingine unazotumia. Sema ukweli hata kama ni ngono ya njia ya haja kubwa. Daktari asiyejua hilo atapima hatari yako kwa mizani isiyo yako.

Vipimo vya siku hiyo ni VVU, homa ya ini B, kaswende, mimba kwa mwanamke, na figo kama maabara inaweza. Kidonge kisisubiri majibu ya figo. Dawa zenyewe katika vituo vya serikali hutolewa bure. Unachoweza kudaiwa ni pesa ya kadi na baadhi ya vipimo. Mwanamke anayehofia mimba aombe na dawa ya dharura ya levonorgestrel miligramu 1.5, bora ndani ya siku tatu. Haigombani na PEP ya siku hizi. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kutumia PEP.

Mara nyingi utapewa TLD: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, vyote ndani ya kidonge kimoja cha kumeza mara moja kwa siku, ukiwa umekula au hujala. Chupa huwa na vidonge 30. Unahitaji 28, viwili vinavyobaki virudishe kliniki, usimwekee rafiki. Kwa nini 28? Katika majaribio ya nyani yaliyofanywa miaka ya 1990, waliopewa tenofovir kwa siku 28 mapema walilindwa vizuri, na waliokatishwa siku ya 3 au ya 10 hawakulindwa hivyo. Kuacha wiki ya pili kwa sababu "najisikia mzima" ndiyo njia ya kawaida ya kuharibu kazi yote. Mzima ulikuwa tangu siku ya kwanza.

Chagua saa usiyoweza kuisahau. Wengi hupenda saa mbili usiku baada ya chakula. Dolutegravir ikikunyima usingizi, hamishia asubuhi. Mwezi wa Ramadhani kidonge huingia vizuri kwenye futari au daku, ilimradi usirukeruke kati ya hivyo viwili. Mvuvi anayekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, aombe chupa nzima, na aitunze pakavu pasipopigwa na jua, ndani ya chupa yake yenye kijifuko cha kunyonya unyevu. Vidonge vilivyofungwa kwenye nailoni na kulala chomboni huharibika.

Ukisahau, meza mara unapokumbuka, kisha rudi kwenye saa yako. Kama zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata, subiri hiyo. Usimeze viwili kwa pamoja. Ukikosa siku mbili mfululizo, rudi kituoni. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza na kidonge kikaonekana, meza kingine, kisha uombe cha kufidia.

Kuna vitu vinavyoila dawa hii kimyakimya. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini: meza PEP saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na PEP ikiwa tu ni wakati wa chakula. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, huhitaji dolutegravir mara mbili kwa siku. Wa kisukari anayetumia metformin aseme mapema, dozi huenda ikapunguzwa. Mwenye tatizo la figo apewe mchanganyiko mwingine badala ya tenofovir.

Kichwa kuuma, kichefuchefu na ndoto za ajabu za wiki ya kwanza huisha vyenyewe. Upele mkali wenye homa, macho kuwa ya njano, au mkojo kupungua sana: rudi siku hiyo hiyo. Aliyekutwa na homa ya ini B asiache vidonge peke yake siku ya 28, kwa sababu tenofovir na lamivudine hukandamiza virusi hivyo pia, na vikiachiwa ghafla ini linaweza kuwaka. Daktari atapanga namna ya kuendelea.

Rudi kupima wiki ya 6 na mwezi wa 3 tangu tukio. Vituo vingine huongeza mwezi wa 6. Kipimo cha kujipima kwa mate wakati bado unameza hakikupi jibu la kuaminika. Mpaka majibu ya mwezi wa 3 yatoke, tumia kondomu na usichangie damu. Homa, tezi kuvimba na koo kuuma ndani ya wiki hizo si za kupuuza, hata kama hapa kwetu kila homa tunaiita malaria: pima vyote viwili.

Mtu anayejua kwamba tukio kama hili litajirudia, kwa kazi yake au kwa sababu mwenza wake hataki kupima wala kutumia dawa, asirudi kuomba PEP kila baada ya miezi miwili. Siku ya 28 akipimwa na kuonekana hana VVU, aombe kuunganishwa na PrEP moja kwa moja, bila kuacha siku hata moja katikati.