Kipawa Kinachodai: Kumwandika Kijana Mwenye Uwezo wa Ajabu na Deni Lake

Hadithi za kijana mwenye uwezo wa ajabu huharibika zaidi mahali pamoja. Mwandishi anatangaza kwamba kipawa kina gharama, lakini gharama yenyewe haina kipimo. Kijana anachoka sana, anatoka damu puani, anaanguka; ukurasa wa pili yu mzima anaruka ukuta. Msomaji akiona hivyo mara mbili hofu imekwisha, na kinachobaki ni mazingaombwe.

Hapa tutajenga hadithi moja ya mfano, ya maneno kati ya 6,000 na 8,000, ili kila hatua ionekane kwenye kazi. Makame ana miaka 15, yuko kidato cha pili, anakaa Wete, Pemba, na mama yake na bibi yake mzaa mama. Anaweza kuita upepo. Mjomba wake ni nahodha wa jahazi.

Anza na haja ya watu

Usianze kwa kuuliza kijana anaweza nini. Uliza watu waliomzunguka wamekosa nini, kisha umpe yeye hicho. Kuruka angani kunapendeza, ila hakuna jirani atakayebisha hodi saa nane usiku kuomba arukiwe. Upepo unaombwa. Kati ya kaskazi na kusi, zile pepo mbili za msimu, kuna maleleji, majuma ambayo upepo hauna mwelekeo na bahari inaweza kushinda shuwari kutwa nzima. Jahazi la tanga linakaa, mzigo unakaa, na watu wanaanza kumtazama mtoto wa watu kwa jicho jingine.

Ziba tundu kubwa kabla msomaji hajaliona. Katika mfano huu tundu ni injini: boti za leo zina mashine, nani ana haja ya upepo? Unaweza kuirudisha hadithi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu Tanzania nzima. Jibu hilo linatosha, lakini liko jingine lenye utamu zaidi: mzigo ni karafuu za magendo, zinavushwa usiku kwenda Shimoni upande wa Kenya, na mashine inasikika mbali. Tanga halipigi kelele. Jibu hili linakupa pia sababu ya siri, askari wa doria, na mjomba asiyeweza kulalamika popote mambo yakimharibikia. Tundu likizibwa kwa kitu kinachozaa matukio, msomaji hajui kama lilikuwapo.

Kisha pima. Wete hadi Shimoni ni kilomita 60 hivi. Jahazi lenye upepo mzuri huenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Safari moja ya magendo, basi, inataka saa sita za upepo au zaidi kidogo. Iandike namba hiyo pembeni, itarudi.

Bei ihesabike

Gharama iwe na kizio, ilipwe mahali msomaji anapaona, na isijifute yenyewe. Kwa Makame, saa moja ya upepo inalipwa kwa usiku mmoja wa kubanwa kifua asipate usingizi, tuuite kesha. Akiita upepo tena kabla hajamaliza kulipa, makesha yaliyobaki yanazidishwa mara mbili, ndipo mapya yaongezwe. Basi, sheria ni hizo mbili. Sheria inayotaka aya nzima kuelezwa ni ya kutupwa.

Fungua daftari la deni kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya hadithi:

- Mara ya kwanza, saa 1: deni ni kesha 1. Analipa, limekwisha.
- Mara ya pili, saa 3: makesha 3.
- Mara ya tatu, akiwa amelipa kesha moja tu: mawili yaliyobaki yanakuwa 4, anaita saa 2, jumla 6.
- Mara ya nne, akiwa amelipa mawili: manne yaliyobaki yanakuwa 8, safari ya Shimoni inaongeza 6, jumla 14.

Weka mtihani wa kidato cha pili siku kumi baada ya safari ya Shimoni. Mtihani huo huangukia mwishoni mwa mwaka, na maleleji ya kuingilia kaskazi nayo yako huko huko, kwa hiyo hulazimishi kitu. Huna haja ya kuandika kwamba mambo yamekuwa magumu. Msomaji ameshapiga hesabu.

Kesha lenyewe lataka usahihi. Aliyebanwa kifua halali chali. Anakaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda. Kifua kinapiga filimbi akitoa pumzi. Anasema maneno mawili, anavuta hewa, anasema mengine mawili. Hali huzidi kuelekea alfajiri, saa tisa, saa kumi. Asubuhi anasinzia darasani na mwalimu anamwita mvivu. Lipe kesha la kwanza maneno 400, la pili aya moja, yaliyobaki mstari mmoja mmoja, maana ukirefusha yote msomaji anazoea mateso. Na kwa kuwa dalili hizi ni za pumu, ugonjwa wa kweli wenye dawa ya kweli, muuguzi akimpa dawa ya kuvuta iache imsaidie: inampa nafuu ya saa chache usiku ule, ila haipunguzi hesabu ya makesha. Kumfundisha msomaji mwenye pumu kwamba dawa yake ni kazi bure ni dhambi ambayo hadithi haiihitaji.

Udhaifu na deni si kitu kimoja

Hapa wengi huchanganya. Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili, hakupatikana kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Luanda Magere wa Wajaluo nguvu zake zilikuwa kivulini, na siri ilitoka kwa mke aliyetoka kwa maadui. Hadithi zote mbili zina udhaifu: mlango mmoja, ukifunguliwa shujaa anakufa. Kabla ya siku ile nguvu hazimgharimu kitu. Muundo huo unazaa hadithi ya usaliti. Deni huzaa hadithi tofauti, maana kijana huumia kila anapofaulu, na anayemuumiza anampenda. Chagua moja. Ukiweka vyote viwili, udhaifu utaimeza hadithi, kwa sababu msomaji atakaa anamsubiri msaliti.

Nani anaomba

Hapa ndipo utakapotumia jasho lako. Kijana wa kwetu haamui peke yake lini atumie mwili wake. Anatumwa. Shujaa mpweke wa miaka 15 anayejifungia chumbani kutafakari uwezo wake hasomeki kama mtu wa Wete. Chumba chenyewe analala na wadogo zake wawili.

Historia imeshaonyesha jambo hili. Mwaka 1856, kwenye mto Gxarha huko Afrika Kusini, Nongqawuse, msichana wa Kixhosa wa miaka 15 hivi, alisema ameongea na wahenga, nao wametaka ng'ombe wauawe na mazao yaharibiwe. Maneno yake yalifikishwa kwa wakubwa na mjomba aliyemlea, Mhlakaza, na chifu mkuu Sarhili akayapokea. Ng'ombe wanaokadiriwa kufikia 400,000 waliuawa, na watu wapatao 40,000 wakafa kwa njaa. Kinywa kilikuwa cha msichana. Waliokitumia walikuwa watu wazima, kila mmoja na sababu zake.

Panga waombaji kwa ngazi. Wa kwanza aombe kitu ambacho hakuna mtu mwema angekataa: ngalawa ya jirani haijarudi, saa moja tu ya upepo iwalete. Wa pili aombe riziki, samaki wasiozee njiani. Wa tatu aombe upendeleo. Wa nne aombe magendo, ila aseme kwa lugha ya wa kwanza. Usimruhusu mwombaji yeyote awe mbaya wazi wazi. Mjomba ndiye anayenunua sare na madaftari. Mama ameshauza mkufu mara moja.

Na ombi lenyewe lisitamkwe. Linganisha. Toleo bovu: "Makame, tumia kipawa chako, nakuomba." Toleo linaloweza kusimama:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Nimeshakula."

"Vizuri. Usiku tunatoka. Chukua koti, kuna baridi huko nje."

Katika maneno haya hakuna mlango wa kukataa, kwa kuwa hakuna swali. Jibu la Makame ni kuchukua koti. Akitaka kukataa kweli, afanye kama vijana wafanyavyo: achelewe kutoka msikitini, ajifanye hakusikia akiitwa, kisha aende kwa mkubwa wa yule mkubwa. Hapa ni bibi, mama yake mjomba, mtu pekee anayeweza kumwambia nahodha "koma." Lakini bibi naye mpe nafasi ngumu: mchele ulio chunguni mwake umetoka kwenye safari zile zile.

Watu watakiitaje kipawa

Pita hapa upesi, aya tatu zinatosha. Sheikh atamsomea na kumpa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, anywe. Mganga atasema ana pepo, apungwe, na yeye ndiye kiti, yaani anayepandwa na pepo huyo. Muuguzi ataandika pumu. Kila mmoja apate kipande cha ukweli na asipate kizima. Kosa la kawaida ni mganga mzee anayefafanua kila kitu, chanzo cha kipawa mpaka ukoo wa babu wa tatu. Akishamaliza, hadithi imekwisha na bado una kurasa kumi.

Bei inayolipwa na wengine

Upepo hautoki hewani tupu, unaondolewa kwingine. Katika tukio la kwanza kabisa, ngalawa ya jirani inaporudi, weka mstari mmoja tu: mbali kwenye mkondo wa Pemba, dau jingine limeshusha tanga. Usieleze. Karibu na katikati Makame aunganishe mwenyewe. Ukiileta habari hiyo katikati bila kuipanda mwanzoni, msomaji ataona umebuni sheria mpya kwa sababu umekwama.

Kuna yasiyochezewa. Meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na wapo wasomaji waliozika au walioshindwa kuzika. Ajali ya bahari isiwe pambo la kufungia sura. Usiweke kipawa kwenye rangi ya ngozi, kiungo cha mwili, wala macho mekundu ya bibi kizee. Tanzania watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za aina hiyo, na Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho yao. Kipawa cha Makame hakina alama mwilini, na hakimtajirishi mtu kwa kukatwa.

Makosa yanayorudi

Uwezo kukua kila mwandishi anapokwama: leo upepo, kesho mvua, keshokutwa anasoma mawazo. Uwe mmoja tangu mwanzo. Kipawa kutumika mara kumi: kwa maneno 8,000, tano zinatosha. Wazazi kupotea katikati bila sababu. Kijana kuongea kama mhubiri wa redio. Na lile la "kumbe ilikuwa ndoto," ambalo halina tiba ila kalamu nyekundu.

Mara ya tano

Mwisho dhaifu kuliko yote ni kipawa kutoweka; ni sawa na mkopeshaji kufa usiku wa kuamkia siku ya malipo. Mwisho wenye nguvu unamleta mwombaji asiyetarajiwa. Makame amekataa safari ya pili ya Shimoni, bibi akamkingia kifua, mjomba akaondoka bila yeye. Kesha la sita linapomalizika, upepo unalala na jahazi halijaonekana. Anayekuja kusimama mlangoni ni bibi, ambaye huko baharini ana mwanawe. Hasemi "ita." Anauliza kama kifua kimepoa. Kumrudisha mjomba kunataka saa nne.

Kata hadithi hapo au mistari michache baada yake, baada ya jibu la Makame, liwe lolote.

Kabla ya kuitoa, mpe kijana wa sekondari asome mpaka bibi anaposimama mlangoni, umchukue karatasi mkononi na umuulize: akiita sasa, atadaiwa makesha mangapi? Akisema "mengi," rudi kwenye daftari, kuna mahali umesahau kumwonyesha hesabu. Jibu ni 20.