Mwari wa mbuyuni siyo mwali wa unyago: mambo ya kuangalia kabla hujahamia

Wewe unayetafuta nyumba ya kupanga huku Mikindani, Mtwara, karibu na maji, kabla hujatoa kodi ya miezi 6 inua shingo uangalie juu. Kama kuna mbuyu na mbuyuni kuna mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, basi tulia kwanza. Mimi niliingia kichwakichwa kwa sababu kodi ilikuwa chee na mwenye nyumba akaniambia hao ndege ni baraka. Baraka gani hiyo huwezi hata kuanika shuka.

Nguo anika upande wa pili wa nyumba. Pikipiki funika turubai, na ikidondokewa osha palepale, kile kinyesi kikikaukia kwenye rangi utabandua na rangi yenyewe. Sufuria, ndoo, maji ya kuku, vyote vifunikwe. Kofia vaa.

Halafu kuna samaki. Mwari mzima anafika kilo 5 mpaka 7, mabawa akiyatanua yanapita mita 2, sasa huyo hashibi dagaa wawili watatu, na makinda yake yakishtuka yanatapika yote yaliyolishwa. Unafungua mlango asubuhi unakuta samaki nusu kameng'enywa kizingitini, inzi kama wote na paka wa mtaa mzima wamehamia kwako. Fukia siku hiyohiyo, usiseme kesho.

Sasa maji. Hapa nisikilize vizuri.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo bati linakaa kavu miezi mingi na ndege wako juu yake kila siku. Mwaka ule hela ya korosho imeingia nikasema ngoja nifanye la maana, nikanunua tenki la lita 2000, fundi akafunga gata nyumba nzima maana bomba letu lilikuwa linatoa maji kwa kubahatisha. Mvua ya kwanza ikapiga usiku, kubwa, tumelala tunasikiliza maji yanavyoingia, yaani raha, nahesabu ndoo kichwani. Asubuhi mama watoto akachota, akanusa, akasema baba nanii haya maji yana shombo. Nikamwambia wewe nawe, hilo vumbi la bati tu, acha yatulie. Yakatulia kweli, yakawa meupe, tukanywa.

Siku ya tatu mdogo akaanza kuhara, akafuata mkubwa, nikafuata mimi, choo kimoja watu 5. Zahanati nesi akauliza mnakunywa maji gani, nikajibu ya mvua, tena kwa kujidai. Akauliza, juu ya bati kuna nini? Nikarudi nikapanda ngazi. Mavi yameganda kama plasta, mifupa ya samaki, manyoya, na gata limejaa uji uji ambao hata kuuelezea sitaki. Mpaka leo nikijifanya mjuaji wa jambo lolote nyumbani naulizwa kama nimelinusa.

Kwa hiyo: kabla ya msimu safisha bati na gata, lakini lowesha kwanza na uvae barakoa, usifagie makavu maana lile vumbi linaweza kubeba fangasi wa kuingia mapafuni. Mvua za mwanzo chomoa bomba linaloingiza maji kwenye tenki, acha zioshe bati zimwagike chini, hata kama roho inauma. Mdomo wa tenki weka wavu. Na ya kunywa chemsha, hata yawe yanang'aa vipi, mimi yangu yalikuwa yanang'aa.

Usiwapige mawe wala kuwawekea sumu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inawahusu na ndege pia, na ukiwashtua ndiyo unatapikiwa zaidi. Kukata mbuyu sahau, wazee wana mambo yao pale chini. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, watoto waambie hivyohivyo, tena wasicheze chini ya mti hasa ukiwa umelowa mvua maana mibuyu nayo huangusha matawi, na ngazi nunua yako, usiazime, ya jirani niliirudisha imechafuka mpaka leo hatusalimiani vizuri.