Kijivu kiwe kijivu: picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya nyumbani

Picha ikitoka na ukijani au uzambarau, kosa mara nyingi si la picha. Printa huchanganya wino wa rangi kupata kijivu, na aina ya karatasi uliyochagua kwenye mipangilio hailingani na iliyo kwenye trei. Rekebisha hilo, kisha chapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino: matundu ya samawati yakiziba, kijivu chote huelemea wekundu.

Kuchagua wino mweusi pekee huondoa rangi, lakini penye weupe, kama ukuta wa chokaa wa Lamu, vitone huonekana. Kwa nakshi za mlango, karatasi nzito isiyong'aa inapendeza zaidi, ingawa weusi wake hauwi mzito kama wa karatasi inayong'aa.

Kabla ya kumaliza karatasi nzima, kata kipande cha picha chenye buibui na kanzu pamoja, ukichape kidogo. Mikunjo ya buibui ikipotea, angaza vivuli tu, usiguse kanzu. Punguza pia mwangaza wa skrini, maana ndio unaodanganya.

Unyevu wa pwani hukunja karatasi na kuufanya wino utambae. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe unayotumia tu. Picha ikauke saa 24 kabla ya kuwekwa nyuma ya kioo, la sivyo kioo hufanya ukungu kwa ndani. Rangi ikague mchana, kando ya dirisha. Taa za usiku hubadili kijivu.