Sintetiki au oili ya kawaida? Angalia kwanza barabara unayopita

Kabla fundi hajafungua dumu lolote, tazama mfuniko wa kujazia oili. Magari mengi ya Japani yameandikwa hapo namba, mfano 5W-30. Kama haipo, iko kwenye kitabu cha gari. Namba hiyo ina uzito kuliko neno "sintetiki" (oili iliyoundwa kwa kemikali), ambalo siku hizi hubandikwa hata kwenye oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa zaidi.

Tarakimu ya kabla ya W inaonyesha wepesi wa oili injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi. Ya mwisho inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Asubuhi ya Julai pale Arusha, joto likiwa nyuzi 12 hivi, 20W-50 huchelewa kufika kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali), na sekunde hizo ndizo zinazokula chuma. Injini za Toyota zenye VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka), kama 1NZ ya IST na Probox, zinaumia zaidi: mfumo huo unaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye kichujio chenye matundu madogo sana, na tope la oili likikiziba, gari linakosa nguvu na sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inayumba. Oili nzito ibaki kwa injini iliyochoka inayokula oili.

Kisha soma herufi za API, yaani daraja la ubora lililoandikwa kwenye dumu. Zinazoanza na S ni za petroli, C za dizeli. SN ilianza 2010 na SP 2020; zote zinafaa. SF na SG ni za injini za zamani, lakini bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Ziache.

Sasa sintetiki. Nguvu yake ni kuvumilia joto: haiungui haraka, haigeuki tope upesi. Gari lenye turbo liwekee hiyo bila mjadala, maana oili ya kawaida huungua na kuganda kwenye shafti ya turbo unapozima injini ikiwa ya moto. Vivyo hivyo gari linalopanda Mto wa Mbu kwenda Karatu na mzigo kila wiki, au linalokimbia lami ya Moshi–Arusha kila siku.

Vumbi ni jambo jingine kabisa. Hakuna oili inayomeng'enya vumbi. Landcruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ inayoingia hifadhini inabeba zaidi ya lita 9, na vumbi lililopenya filta ya hewa, pamoja na masizi ya dizeli, hubaki ndani ya hizo lita mpaka umwage. Hapo 15W-40 ya kawaida, daraja CI-4, ikimwagwa kila kilomita 5,000 inashinda sintetiki iliyoachwa mpaka 10,000.

Piga hesabu kwa kilomita, si kwa dumu. Chukua mfano: oili ya kawaida 60,000, sintetiki 120,000, filta 15,000, fundi 10,000. Ya kawaida kwa kilomita 5,000 ni shilingi 17 kwa kilomita. Sintetiki kwa 10,000 ni 14.5. Ukiimwaga sintetiki kwa 5,000 umelipa 29, na kwa gari dogo lisilo na turbo hizo 12 za ziada hazina kazi.

Kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakuhitaji kusafisha injini, na ukikwama njiani unaweza kuongezea ya aina nyingine yenye namba ileile. Ila kwenye injini kuukuu, sintetiki inaweza kuondoa tope lililokuwa limeziba sili iliyochakaa, na oili ikaanza kuvuja. Kagua sakafu chini ya gari wiki mbili za mwanzo.

Siku ya kumwaga, 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Iwashe dakika tano, egesha pasawa, fungua boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa spana namba 14, acha ichuruzike mpaka ibaki matone. Rudisha boliti ikiwa na washa (pete yake) mpya. Paka oili raba ya filta mpya, kaza kwa mkono. Ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Kosa baya kuliko yote liko hapa: raba ya filta ya zamani kubaki imenata kwenye injini. Raba mbili zikikutana, oili yote inaweza kumwagika barabarani ndani ya dakika chache. Papasa kwa kidole pale filta inapokaa kabla ya kufunga.

Jaza lita 3.3, washa dakika moja, zima, subiri tano, soma dipstiki, ongeza kidogokidogo. Usivuke alama ya juu: kranki (shafti kuu inayozunguka chini ya injini) itaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi kitu.

Chupa tupu itoboe kabla ya kuitupa, isije ikajazwa oili chafu iliyochujwa na kurudi dukani ikiwa na lebo nzuri.