Kabla ya Kupuliza Povu Chini ya Bati: Mpako wa Kuzuia Moto Katika Nyumba za Lamu

Jua la kaskazi, hasa Januari na Februari, huigeuza orofa iliyoezekwa kwa mabati kuwa tanuri, na ndiyo maana wenye nyumba za wageni na wenye vyumba vya baridi vya samaki hapa Lamu huuliza habari za povu la kupuliza. Povu hili, linaloundwa kwa kuchanganya kemikali mbili, isosianeti na polioli, kwenye bunduki ya kupulizia, hufura, likashika bati na kuzuia joto vizuri sana. Lakini huwaka. Dawa inayotiwa kiwandani hulichelewesha tu kushika moto, na likiachwa wazi ndani ya chumba, miali hulipanda kwa kasi na kutoa moshi mzito wenye kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni, moshi unaomwangusha mtu kabla moto wenyewe haujamfikia.

Mjini Icheon, Korea Kusini, moto wa ghala la baridi uliua watu 40 mnamo Januari 2008, na Aprili 2020 wafanyakazi 38 wakafa katika mji huohuo kwenye ghala lililokuwa bado linajengwa. Mara zote mbili povu la yurethani, yaani la jamii hii hii, lilikuwa sehemu ya msiba. Mimi huyataja maafa hayo kwa kila mwenye nyumba anayenijia, kwa sababu mji wetu una vichochoro ambamo punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa shida, na gari la zimamoto haliwezi kuufikia mlango wa nyumba iliyo katikati ya mtaa. Dakika utakazookoa mpako wa kuzuia moto, unaopakwa juu ya povu, ndizo dakika za kuwashusha watoto na wazee ngazini.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba povu linafaa mahali penyewe. Chini ya bati na ndani ya chumba cha baridi linafaa. Juu ya kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, na juu ya boriti za mikoko, mimi silikubali hata kidogo, kwa kuwa hufungia unyevu ndani na kuozesha mbao mahali jicho lisipoona. Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, kwa hiyo badiliko lolote la nyumba ya kale lipelekwe kwanza kwa maofisa wa Makumbusho ya Taifa. Aidha, pale ambapo dari inaweza kufunikwa kwa bodi ya jipsamu, ifunikwe. Kanuni za ujenzi za Marekani huikubali bodi ya milimita 12.7 kuwa kinga ya joto juu ya povu bila jaribio lingine. Mpako ni wa mahali ambapo bodi haiwezi kufungwa, kama vile paa lenye mikunjo mingi.

Kisha ziombwe karatasi, na zisomwe. Muuzaji akileta cheti kinachosema kuwa bidhaa ni ya Daraja A katika kusambaa kwa miali, hicho hakitoshi, kwa maana jaribio lake la dakika 10 katika handaki la maabara halionyeshi jinsi povu lililofunikwa litakavyojimudu ndani ya chumba. Karatasi inayofaa ni ripoti ya jaribio la kona ya chumba, liitwalo NFPA 286 katika viwango vya Marekani, ambapo kichomeo huwekwa konani kikiwa na nguvu ya kilowati 40 kwa dakika 5, kisha kilowati 160 kwa dakika 10 nyingine. Ripoti hiyo lazima itaje povu lilelile litakalopulizwa, unene wake na unene wa mpako, kwa sababu mpako uliofaulu juu ya povu la kampuni moja haujathibitishwa juu ya povu la kampuni nyingine. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia chumba cha samaki huko Malindi, tukaletewa rangi ya kulinda nguzo za chuma, si povu, nami sikuuliza ripoti yake. Masika moja tu ilipita, rangi ikabambuka vipande vipande kama magamba ya changu, na povu likabaki wazi juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakipakia barafu. Tulikwangua chumba kizima tukaanza upya.

Suala la unene ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi, nami naomba msomaji alitulie. Mpako huu hufanya kazi kwa kuumuka: unapopata moto hufura kama donge la mahamri na kuacha tabaka la kaa jepesi linaloukinga upande wa nyuma. Donge dogo haliumuki likawa kubwa, na mpako mwembamba nao ni hivyohivyo. Tuseme kiwanda kinataka nusu milimita ukiwa mbichi. Hiyo ni nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo dari ya mita 6 kwa 8 inahitaji lita 24 endapo ingekuwa laini kama kioo. Povu si laini, lina vinundu na mabonde, na mimi huongeza robo nzima, zikawa lita 30. Ikiwa asilimia 65 ya ujazo wake ni yabisi, nusu milimita hiyo itakauka ikawa milimita 0.325. Fundi awe na kile kipimo cha bati chenye meno kama kitana, akikandamize kwenye mpako mbichi, na asome jino la mwisho lililolowa. Apime kila baada ya hatua chache, hasa kwenye makunyanzi na nyuma ya mapao, na namba ziandikwe papo hapo. Mpako mweupe juu ya povu la rangi ya maziwa hudanganya macho. Kiwanda kikiwa na rangi ya kijivu, mkono wa kwanza wa mpako uwe wa kijivu.

Mpako uwe umeshavushwa kutoka Mokowe na kuwekwa kivulini kabla tone la kwanza la povu halijapulizwa. Kipindi kati ya povu na mpako ndicho cha hatari kuliko vyote, na bahari ya kusi inaweza kukirefusha kwa siku nyingi. Katika kipindi hicho pasiwe na fundi wa kuchomelea, jiko la makaa wala sigara ndani ya jengo. Povu lenyewe lipulizwe kwa tabaka nyembamba, kwani likirundikwa kwa pigo moja huchemka kwa ndani na linaweza kujiwasha. Wenyeji wahame, mara nyingi kwa saa 24, kwa sababu isosianeti huleta pumu.

Hali ya hewa nayo ni ya kuangaliwa. Kwa kawaida viwanda hukataza kupaka unyevunyevu ukipita asilimia 85, na hutaka uso unaopakwa uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Hapa pwani asubuhi nyingi hazifai; jua likishapanda ndipo mambo huanza. Vumbi na chumvi zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Nyaya zote za umeme ziwe zimepitishwa ndani ya mifereji kabla ya povu, na taa za kuzama darini ziachiwe nafasi. Baadaye atakuja fundi wa eyasi, yaani kiyoyozi, na msumeno wake, atoboe tundu la bomba, na povu lisilo na mpako litachungulia kandokando. Mwenye nyumba awe na karatasi ya namba za unene, jina la mpako na kopo dogo ambalo tarehe yake haijapita, ili tundu hilo lizibwe na kupakwa siku hiyohiyo, kabla fundi hajalipwa.