TV ya LED haiwaki: fuatilia umeme mpaka unapokomea

Mwongozo huu ni wa TV nyembamba za LED. Zile za mgongo waachie mafundi wake.

1. Ukutani. Jaribu soketi kwa chaja ya simu, kisha chomeka TV moja kwa moja, bila ekstensheni wala TV gadi. Umeme ukirudi, gadi huuzuia kwa muda kabla ya kuupitisha, na wengi huilaumu rimoti wakati gadi bado inasubiri.

2. Kitufe. Washa kwa kitufe cha TV yenyewe, si rimoti.

3. Taa ya standbai. Haiwaki kabisa: anza na pawa saplai (bodi inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti ndogo; hapa chini naiita pawa). Inawaka lakini TV haiitikii, au inapepesa tu: inaweza kuwa pawa au meini bodi (bodi kuu inayotoa amri na picha), usibashiri. Sauti inatoka ila skrini ni giza: mulika tochi karibu na kioo. Ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni bakilaiti (taa za nyuma ya kioo), na pawa usiiguse kwanza.

4. Kufungua. Chomoa, laza TV kifudifudi juu ya blanketi. Skrubu za stendi weka kando na za kava, maana hazilingani urefu. Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) kubwa iliyoandikwa 400V au 450V hubeba takribani volti 325 au zaidi kwa umeme wa 230V, na inaweza kubaki nazo hata TV ikiwa imechomolewa. Itoe chaji kwa rezista ya kilo-ohm 2.2, wati 10, yenye waya zilizofunikwa. Bisibisi hapana: cheche yake huharibu bodi, na mkono wako uko karibu mno. Pima volti zake kwa mita (maltimita) kabla ya kugusa chochote.

5. Kupima pawa. Anza na fyuzi, TV ikiwa imechomolewa. Ikiwa imekatika na kioo chake kimekuwa cheusi, kuna shoti: pima varista (kinga ya umeme mkubwa), diodi za briji (zinazogeuza AC kuwa DC) na mosfeti (swichi ya pawa). Weka fyuzi ya namba zilezile, kwa mfano T3.15A 250V, hiyo T maana yake inakatika taratibu. Waya badala ya fyuzi ni kuomba moto. Kabla ya kuchomeka, unganisha kwa mfululizo na TV balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 hadi 100. Ikimweka kisha ikafifia, endelea; ikibaki kali, shoti bado ipo. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii.

Fyuzi ikiwa nzima, sasa unapima umeme ukiwepo, na hapa ndipo saa nyingi hupotea. Bodi ya pawa ina graundi (sehemu ya sifuri ya kupimia volti) mbili: ya upande wa umeme wa ukutani na ya upande wa volti ndogo. Ukiweka waya mweusi wa mita kwenye bati la TV na mwekundu kwenye kapasita kubwa, utasoma upuuzi na kuihukumu bodi nzima bure. Kapasita kubwa ipime kwenye miguu yake miwili. Volti ndogo, mweusi uwe kwenye bati.

Tafuta kwenye soketi ya waya unaokwenda meini bodi maandishi kama 5VSB (volti ya standbai), PS-ON (amri ya meini bodi kuiwasha pawa) na 12V. Standbai iwe 5V, baadhi ya bodi 3.3V, zipo zinazotoa 12V muda wote bila standbai ya pekee. Bonyeza kitufe:

- PS-ON haibadiliki: amri haitoki meini bodi.
- PS-ON imepanda lakini 12V haiji: mara nyingi kosa ni la pawa.
- Standbai inacheza, tuseme 3.8V: zima, chomoa waya wa meini bodi, pima tena. Ikitulia kwenye 5V, mara nyingi meini bodi ndiyo inayoivuta. Isipotulia, badilisha kapasita za upande wa volti ndogo hata kama hazijavimba, maana kapasita bapa nayo huchoka. Weka yenye uwezo uleule, volti sawa au zaidi (ya 1000µF 10V unaweza kuweka ya 1000µF 16V), ya 105°C, na mguu wa hasi ukae mahali pake.
- 12V inakuja, kioo kinamweka sekunde moja kisha giza: rudi kwenye bakilaiti.

6. Kununua bodi. Linganisha namba iliyochapwa kwenye bodi, si modeli iliyo nyuma ya kava. Modeli moja huweza kutoka na bodi tofauti. Kwa meini bodi angalia na namba ya paneli, la sivyo TV itawaka na picha ikiwa juu chini au rangi zimevurugika.